Bahasha Iliyochanwa Pembe

28 Agosti

Kwako baba,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na miguu haijaanza kukusumbua kwa kusimama. Sisi tulifika salama, ila safari ilimchosha mama. Alitapika mara mbili kwenye basi, na mara ya pili akaomba radhi kwa abiria mmoja mmoja mpaka kondakta akamwambia, "Mama, imetosha."

Wamemlaza wodi namba nne, kitanda cha ukutani karibu na sinki. Bomba linavuja, na yeye kishalifunga kwa kitambaa. Daktari anasema watampima kwanza, majibu wiki mbili. Fundi mkuu pale kazini ameniruhusu nikate vioo vya miwani alfajiri ili mchana niwe wodini.

Ameniagiza nikuandikie maneno yake kama yalivyo: "Mwambie mume wangu Bi Mdogo amefika. Amsalimie Bi Mkubwa, na maji ya kumwogesha yawe ya uvuguvugu, nisisikie ameogeshwa maji ya baridi kisa mimi sipo." Wagonjwa wenzake walidhani kweli una wake wawili. Ikabidi nieleze kwamba mke mkubwa ni mungu wetu wa kike, sanamu yake iko hekaluni, na wewe ni kuhani wake mwaka wa thelathini na moja huu. Nikaeleza kwamba mama alijiita mke mdogo siku ile ile ya harusi, ulipomwacha mlangoni ukaenda kuwasha taa ya jioni. Wa kitanda cha pili akasema, "Sasa sanamu nayo utaionea wivu?" Mama akamjibu, "Wewe subiri sikukuu uone."

Amekuja na vitambaa vyote tisa kwenye mfuko. Sikukuu inaanza tarehe tatu Oktoba na Bi Mkubwa lazima avae nguo mpya kila siku kwa siku tisa, kwa hiyo anashona kitandani. Nesi amemnyang'anya mkasi mara mbili.

Baba, njoo umwone. Hata siku mbili.

Mwanao

*

4 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa dereva wa basi. Mgonjwa wangu anaendeleaje? Anakula? Analala? Niandikie yote, usinifiche kwa kunihurumia. Na mwambie aache kumwita mungu Bi Mkubwa mbele ya watu wasiotujua.

Mimi sijambo. Siku zangu ni zile zile ulizokulia. Saa kumi na moja alfajiri nagonga kengele ndogo mara tatu, taratibu, maana hata mungu hapendi kuamshwa kwa kishindo. Namvua nguo za kulalia, namwogesha kwa maziwa kisha kwa maji (ya uvuguvugu, mwambie), nampaka manukato ya sandali, namvisha, namvika koja la Mama Maua wa ng'ambo ya barabara. Saa moja nazungusha taa ya samli, watu wanapitisha viganja juu ya moto na kujigusa uso. Saa sita namwandalia chakula nyuma ya pazia, halafu nafunga mlango apumzike. Saa kumi jioni namwamsha tena. Saa mbili taa ya mwisho, nguo za kulalia, pazia. Chakula alikuwa anapika mama yako, sasa napika mwenyewe. Juzi wali uliungua. Mungu hakusema kitu, lakini mwenyekiti wa kamati ya hekalu alinusa harufu mpaka barabarani.

Kuhusu kuja, unajua nilivyobanwa. Unakumbuka baba yako mdogo alipofariki. Barua ilikuja imechanwa pembe, nikakaa chini, nikaisoma, na tangu saa ile mwiko wa msiba ukanishika: siku kumi na tatu sigusi sanamu, sivuki kizingiti cha chumba cha ndani. Siku hizo kumi na tatu kamati ikamleta Kipaza ashike nafasi yangu, na mpaka leo hajaondoka. Anasoma sala kwenye kipaza sauti hata akiwa peke yake chumbani. Vijana wanampenda, mwenyekiti anampenda. Nikitoka siku mbili tu, nitakuta funguo ziko kiunoni mwake.

Nivumilie.

Baba yako

*

13 Septemba

Kwako baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mama si mzima. Juzi nilipiga simu kwa Mama Maua, akakuita, tukaongea dakika mbili ukaniambia taa inakusubiri. Kwa hiyo naandika niliyotaka kukwambia kwenye simu.

Majibu yametoka. Ni ini. Daktari hakuzunguka: hatapona, na dawa anazopewa ni za kupunguza maumivu tu. Nilimuuliza miezi mingapi, akaniambia tuhesabu wiki. Mama anajua. Aliniambia nifute machozi, ninaharibu miwani, na miwani nimetengeneza mwenyewe.

Amemaliza nguo tano. Vidole vimevimba, sindano namtungia mimi.

Baba, kuna kitu anakitaka, na sijawahi kumsikia akitaka kitu. Anasema miaka yote thelathini na moja, ukizungusha taa asubuhi, yeye yuko jikoni na chakula cha mungu motoni. Moto ukipita kwa watu wote ndipo unamletea sinia la taa, na kila siku taa inakuwa imezimika. Anapitisha viganja juu ya moshi. Anataka uje uwashe taa moja mbele yake, yeye awe wa kwanza. Alisema hivyo akicheka, kisha akageukia ukuta.

Sikukuu bado wiki tatu. Njoo sasa, urudi kabla haijaanza. Kipaza akae na funguo siku tatu, zitamtoboa kiuno?

Mwanao

*

19 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mgonjwa wangu anaendeleaje leo? Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaikunja, nikaisoma tena.

Mwambie nimesikia kuhusu taa. Mwambie ninakuja, na ninakuja na sinia lile lile la shaba. Lakini nikiondoka sasa nani ataandaa? Gari la mbao linapakwa rangi, kamba zimeoza zinabadilishwa, na kamati imekaa kikao mara mbili kujadili nani akae juu ya gari siku ya tisa pembeni ya mungu. Kipaza amejipendekeza mpaka aibu. Nikikaa mimi mwaka huu, mdomo wao utafungwa. Siku ya kumi, tarehe kumi na mbili Oktoba, napanda basi la kwanza. Naapa.

Jambo jingine. Nimemwambia Mama Maua siku zote tisa asiniitie simu. Kelele ni nyingi na akili yangu inatakiwa itulie. Ukiwa na neno, andika barua.

Baba yako

*

27 Septemba

Kwako baba,

Shikamoo. Sisi tupo.

Nakutumia furushi la nguo nane. Zimepangwa kwa siku, kuna karatasi kwenye kila moja. Ya tisa, ile nyekundu ya siku ya gari, bado. Amebakiza pindo. Anashona mishono mitano, analala, anaamka, anafumua mitatu kwa sababu haikunyooka. Nilimwambia mungu haoni pindo. Akaniambia, "Yeye haoni. Mume wangu anaona."

Baba, kwa nini simu imekatazwa? Miaka yote ya sikukuu simu inaita na Mama Maua anakuita, na akili yako ilikuwa inatulia vizuri tu. Nimelala na swali hili siku tatu na sipendi jibu ninalolipata.

Mama anasema nisikuchokoze. Anasema hivyo ndivyo ulivyo na yeye alikujua ukiwa hivyo. Mimi sikukuchagua, kwa hiyo nina ruhusa ya kukasirika.

Mwanao

*

4 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Mgonjwa wangu anaendeleaje? Mwambie nguo zake zimefika na hakuna hata moja iliyombana mungu begani.

Hii ni siku ya pili. Jana alivaa ya manjano. Nilipofungua pazia, watu walishusha pumzi kwa pamoja, nikasikia mpaka ndani. Bibi kizee mmoja alilia. Mwenyekiti alinishika mkono, jambo ambalo hajafanya tangu baba yako mdogo alipofariki. Na Kipaza, kipaza chake kilikoroma katikati ya sala, watu wakacheka. Nilijizuia nisicheke. Sikufaulu sana.

Kikao kimekwisha. Jumamosi tarehe kumi na moja, mimi ndiye nitakayekaa juu ya gari.

Nguo ya tisa isichelewe. Mwambie asijichoshe, lakini isichelewe.

Baba yako

*

6 Oktoba

Baba,

Nimeichana bahasha pembe ya juu kwa mkono wangu, kama ulivyonifundisha nikiwa na miaka tisa. Ulisema barua ya msiba huchanwa pembe ili anayeipokea akae chini kwanza, isimwangushe njiani. Basi kaa, baba.

Mama ametutoka leo saa nne asubuhi. Hakupiga kelele. Alikuwa ameniomba nimgeuze aangalie mlango. Aliniuliza, "Hajafika na taa yake?" Nikamwambia yuko njiani. Akasema, "Basi nisisinzie." Akasinzia.

Nimekudanganyia, baba. Usinifanye niwe mwongo kwa maiti.

Nilipiga simu kwa Mama Maua mara sita. Anasema umemwapisha. Hakuthubutu hata kunisikiliza, akakata huku analia. Kwa hiyo habari hii inakuja kwa basi la leo jioni, itakufikia keshokutwa. Nimemwosha mama mimi na nesi. Yuko mochwari ya hospitali, wamenikubalia siku nne. Wewe ndiye wa kumwashia moto wa mazishi. Hana mtoto wa kiume, ana wewe. Ukipanda basi siku utakayosoma, utawahi.

Njoo na sinia. Naona bado inafaa.

Nguo nyekundu imo humu humu kwenye furushi. Nilimaliza pindo mwenyewe mchana huu, baada ya kumwosha, kwa sababu aliniapisha isichelewe. Utajua wewe kama inafaa kuvaliwa au la. Kama haifai rudi nayo, tumfunike yeye.

Mwanao

*

9 Oktoba

Mwanangu,

Natumai u mzima. Sisi hapa tunaendelea vizuri na sikukuu. Nguo ya tisa imefika, nyekundu imekolea, pindo limetulia. Ataivaa Jumamosi. Umati ni mkubwa, sina nafasi ya kuandika mengi. Tutaonana sikukuu ikiisha. Jitunze.

Baba yako

*

11 Oktoba

Baba,

Barua yako ilinifikia jana jioni kituoni. Siku mbili nilikuwa nakwenda kituoni kupokea mtu, si barua. Dereva ndiye aliyeniambia, "Mzee hakupanda, kanipa hii."

Nimeisoma mara nne nikitafuta sentensi moja. Barua zako zote tangu Septemba zinaanza na mgonjwa wangu anaendeleaje. Hii haina. Mistari sita, na hakuna mgonjwa ndani yake. Mtu asiyejua kitu angeuliza, baba. Aliyeacha kuuliza ni yule anayejua jibu.

Leo nimemwashia moto mimi. Aliyesimamia moto alinitazama akatafuta mwanaume nyuma yangu, nikamwambia hakuna. Ilikuwa saa tatu asubuhi, nafikiri ndiyo saa watu waliposhika kamba za gari.

Bahasha hii sijaichana popote. Ifungue tu, haina ubaya tena.

Binti yako

*

13 Oktoba

Mwanangu,

Sijui nianze vipi. Nilifungua barua yako ya tarehe sita jana asubuhi, siku ya kumi, mzigo nimeshaufunga, na ya pili imefika leo. Mama yako amekwenda na mimi sikuwepo.

Nisikilize. Ile ya tarehe sita ilipofika miwani yangu ilikuwa imevunjika. Bahasha niliona imechanika nikadhani ni dereva na mizigo yake. Nikaiweka kando nisomewe baadaye, na shughuli unazijua. Sikujua. Mungu ni shahidi.

Sasa niko kwenye mwiko. Nimekaa chumba cha nyuma, siku kumi na tatu kuanzia jana, Kipaza ndiye anayeingia ndani. Namsikia anavyomwamsha, anagonga kengele kama anafukuza kuku. Siku zikiisha tutapanga nije.

Neno moja tu naomba unijibu, nimekosa usingizi. Ile nguo nyekundu, ulipomalizia pindo ulikuwa umeoga?

Baba yako

*

18 Oktoba

Baba,

Sikuoga. Nilitoka mochwari na mikono ya gauni bado imelowa maji niliyomwoshea mama, nikakaa kwenye kitanda chake kitupu, nikatunga uzi. Kama kuna najisi, Bi Mkubwa aliivaa siku nzima juu ya gari mbele ya umati wako wote. Umemwepusha na barua, ukamvisha msiba wenyewe. Na mbingu haikuanguka, sivyo? Mwenyekiti alikushika mkono?

Sasa tuje kwenye miwani. Mzee, miwani yako naikata mimi. Nilikukatia jozi mbili, ya pili iko kwenye kasha la bluu juu ya ndoo ya samli, na mwenye macho kama yako akiandika bila miwani mistari hupanda na kushuka. Barua yako ya tarehe tisa imenyooka kama imepigwa rula.

Nimempigia Mama Maua. Kiapo chake kimeisha na sikukuu, akaniambia yote. Alikukabidhi bahasha mkononi. Ukapitisha kidole gumba pale palipochanika. Ukakaa kwenye kreti lake la maua, ukakaa muda mrefu, akadhani unaumwa. Halafu ukasimama ukamwambia, "Hii hukuniona nayo."

Ulikaa chini, baba. Ningetuma bahasha nzima ungeichana mwenyewe ukidhani ni habari za pindo, na jioni ile ungekuwa kwenye basi. Nilichana pembe kwa kukuonea huruma, na hiyo huruma ndiyo uliyoitumia. Hilo silali nalo, na ndilo nisilokusamehe kuliko yote.

Majivu yako hapa, kwenye chungu kidogo juu ya rafu ya vioo. Hata sasa unahesabu siku zako kumi na tatu za hekalu. Sitaki uniandikie tena.

Binti yako

*

25 Oktoba

Mwanangu,

Umenikataza kuandika, naandika.

Nilijua. Nilijua tangu kidole kilipogusa pale. Nikakaa, nikahesabu: leo siku ya sita, zimebaki tatu. Mwiko humshika mtu pale habari inapomfikia. Nikajiambia habari bado imo ndani ya bahasha, haijanifikia. Nikaiweka juu ya kabati la vyungu na siku tatu nikawa napita chini yake nimebeba maziwa. Na simu uliiuliza vizuri. Nilipoikataza nilishajua ninachokikimbia.

Miaka yote nimesema ni kwa ajili ya mungu. Uongo mtupu. Bi Mkubwa angeogeshwa na Kipaza na asingejua tofauti. Zilikuwa ni funguo. Niliogopa kuwa mzee anayekaa nje kwenye benchi anaonewa huruma.

Siku ya gari nilikaa pembeni yake kama nilivyotaka. Watu wanavuta, wanaimba, maua yananipiga usoni. Nikainama kunyoosha nguo, nikaona pindo kwa karibu. Mama yako mishono yake ni midogo, inabanana. Ile ilikuwa mikubwa kama yako ulipokuwa unajifunza. Ndipo nilipoelewa kwamba mikono yake imekwisha. Nilibaki juu ya gari saa nne nzima natabasamu, kwa sababu sikujua pa kushukia.

Jana mwiko wangu umeisha. Nimekwenda kwenye kamati nimewaambia yote, bahasha na nguo. Mwenyekiti akanyoosha kiganja, nikamwekea funguo. Wameosha chumba chote cha ndani, wameichoma ile nguo. Niliwaomba wanipe. Walikataa.

Mwanangu, naomba kitu kimoja. Majivu usiyapeleke mtoni mpaka nifike. Ningekuja leo, ila tarehe mosi ni sikukuu ya taa na Kipaza hajui kupanga taa za ngazi wala chakula cha siku ile. Kamati imeniomba nimwelekeze, nikiwa nje, kwa mdomo tu. Wiki mbili tu, kisha nakabidhi na chumba changu cha hekaluni. Jumapili tarehe tisa Novemba asubuhi nitakuwa mlangoni kwako, na sinia.

Nisubiri.

Baba yako

*

2 Novemba

Mwanangu,

Hujanijibu, na ni haki yako. Natumai u mzima, unakula, na fundi mkuu hakuchoshi.

Jana ilikuwa sikukuu ya taa. Miaka yote mama yako ndiye aliyesokota pamba za tambi za taa, mia tano na zaidi, miguu ameinyoosha sakafuni. Mwaka huu wamenunua za dukani. Zinawaka haraka na kutoa moshi. Nilikaa kwenye benchi la viatu, nje. Mwanamke mmoja alinipa viatu vyake nimshikie, hakunitambua. Nikavishika.

Saa kumi na moja alfajiri bado naamka mwenyewe. Nakaa kitandani mikono mitupu, sijui niiweke wapi. Ndiyo maana nikamfikiria mama yako na vitambaa vyake, kwamba yeye mpaka mwisho alikuwa na cha kushika, na mimi ndiye niliyekuwa nakipokea.

Sinia nimelisugua. Samli nimeiyeyusha mwenyewe, pamba nimesokota mwenyewe, moja tu, imepinda. Nitaiwasha mbele ya kile chungu kabla ya kumwonyesha mtu mwingine yeyote. Moto, si moshi. Halafu tumpeleke mtoni pamoja, wewe na mimi, na ukitaka kunitukana njia nzima utanitukana.

Sina chumba tena kuanzia Ijumaa. Jumamosi napanda basi. Jumapili asubuhi, usisahau. Nisubiri hadi hapo tu.

Baba yako

*

8 Novemba, Jumamosi

Baba,

Nakuandikia mara hii moja ili usije ukadhani barua zako zilipotea njiani. Zimefika, zote mbili. Nimeziweka juu ya rafu ya vioo, pembeni ya chungu. Sijafungua hata moja.

Najijua. Nikizisoma nitalainika, mwandiko wako tu unanifanya nione kaptula yako ya kuogeshea mungu na miguu yako iliyovimba. Nitakusamehe kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza, na mama hajapata hata nafasi ya kukukasirikia. Kwa hiyo nimefanya kama ulivyofanya. Kama kuna uliloniambia humo, halijanifikia. Kama kuna uliloomba, sijaombwa.

Nilikusubiri, lakini. Nilijiambia nikupe mpaka mwiko wako uishe, nikasogeza mpaka sikukuu ya taa ipite, nikaongeza wiki nzima juu yake, nikijua jinsi ulivyo. Kila basi la asubuhi nilichungulia dirishani, kioo mkononi, nikakata vibaya viwili. Mtu anayekuja huja, baba, hatumi bahasha.

Leo alfajiri nimempeleka mama mtoni. Niliamka saa kumi na moja, saa yako. Nilinunua mshumaa dukani kwa kuwa sina taa, nikauwasha ukingoni, upepo ukauzima, nikauwasha tena nikauzuia kwa mkono mpaka nikamaliza kumwaga. Nimekiosha chungu nikakiacha huko huko. Hapa hakuna tena kitu chako cha kufuata.

Barua hii nampa dereva wa jioni. Itakufikia keshokutwa hekaluni, ukiwa na funguo zako.

Mtoto wa Bi Mdogo